Jina la Mjukuu wa Pili

Mugo wa Gathungu alikuwa mtu wa kufika mapema hata pale ambapo kufika mapema hakumfai kitu. Fiona, bintiye wa pekee, alimwambia wakutane saa nne asubuhi kwenye lango la bustani ya Summerfield. Saa tatu na nusu mzee alikuwa keshafika, baiskeli ameiegemeza ukutani, miguu ya suruali ameibana kwa vibanio vya nguo isije ikaingia kwenye mnyororo. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, jua limetoka kweli kweli, na nusu ya mtaa wa Winson Green, Birmingham, ilikuwa nje imevaa kaptula. Mugo alivaa shati la mikono mirefu na sweta. Miaka ishirini na kitu katika nchi ile ya Waingereza ilimfunza kutoliamini jua lao.

Alijua ameitiwa nini. Siku ya Alhamisi Fiona alimpigia simu na kumwambia, "Dad, Saturday twende ride, wewe na mimi tu, kwa ile njia ya reli. Tuongee kuhusu jina." Tangu Alhamisi hiyo mzee hakulala vizuri, na mkewe Roselyne akalalamika kwamba anageukageuka kitandani anamnyang'anya blanketi.

Tuliseme hilo jina wazi, maana ndilo lililomtoa mzee nyumbani. Kwa Wakikuyu, mtoto hatafutiwi jina zuri la kupendeza. Majina yako kwenye foleni. Mwana wa kwanza wa kiume huitwa babu yake mzaa baba, wa pili huitwa babu yake mzaa mama, na anayefuata huenda kwa ndugu za baba. Na mtoto haitwi tu, bali huhesabiwa kuwa ndiye yule aliyeitwa. Fiona jina lake la nyumbani ni Nyawira, jina la mama yake Mugo, ndiyo sababu mzee, na ndevu zake nyeupe, humwita bintiye "mami" mbele za watu na hacheki. Yeye Mugo mwenyewe ni babu yake, yule Mugo wa kwanza aliyebeba mataruma begani reli ilipokuwa inapandishwa kwenda Nanyuki. Mtu ambaye hakuna mjukuu aliyepewa jina lake, akifa amekufa, na hakuna zaidi.

Sasa Mugo hakuwa na mlango mwingine. Alipozaliwa Fiona, Roselyne alipasuliwa, na daktari akasema basi, hakuna mtoto tena. Kaka zake Mugo walikuwa na watoto tele lakini hao wana foleni zao. Jina la Mugo lingepita kwa Fiona au lisipite kabisa.

Fiona aliolewa na Xavier, Mluhya wa Kakamega, kijana mpole asiye na neno na mtu. Mtoto wa kwanza akawa wa kiume, akaitwa Cleopas, baba yake Xavier. Sawasawa, ndiyo foleni. Mugo alicheza ngoma siku hiyo, akajua anayefuata ni yeye. Miaka miwili baadaye Fiona akashika mimba ya pili, mtoto wa kiume tena, na katika mwezi wa nane mtoto akatoka hajapumua. Baada ya hapo, miaka sita ya kimya. Na sasa Fiona ana mimba ya miezi mitano, kipimo kimeonyesha mvulana, na Mugo ana miaka sitini na tisa.

Ndipo alipofanya kosa la kutangulia. Kule kanisani Kingstanding, ambako wazee wa Kenya hukutana baada ya ibada kunywa chai na kulaumu serikali mbili kwa mpigo, alisimama akawaambia, "Wazee, mwezi wa kumi na moja nazaliwa." Walimpigia makofi. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita kijana, wanamuuliza kama meno yameanza kuota, naye anafurahi mpaka basi. Tatizo ni kwamba Fiona mwenyewe hakuwa amesema lolote. Mara tatu alimuuliza, na mara tatu bintiye akamjibu, "Tutaongea, Dad."

Saa nne kasorobo Fiona alitokea, kofia ya baiskeli kichwani, tumbo limeanza kuonekana chini ya fulana. Alikuwa ametoka kwake Harborne kwa njia hiyo hiyo waliyokuwa wanataka kuipita. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana tabia ya walimu ya kuangalia mtu mzima kama anayetaka kumwuliza kama ameosha mikono.

"Mbona sweta, Dad? It's twenty-eight degrees."

"Na wewe mbona baiskeli, na hali hiyo? Mama yako anajua?"

"Midwife amesema ni sawa, bora niende slow. Twende."

Wakaingia kwenye njia. Zamani ilikuwa reli, treni zikipeleka watu wa Harborne mjini, kisha zikasimamishwa, vyuma vikang'olewa, na miti ikaachiwa. Sasa ni njia ya watu wa miguu na wa baiskeli, nyembamba na tambarare, imezama kati ya kingo mbili za udongo zilizofunikwa kwa majani mpaka mtu anasahau kwamba juu kuna barabara na magari. Jua lilipenya kwenye matawi likaanguka vipande vipande. Matunda ya miiba pembeni yalikuwa bado mekundu, machache yameanza kuwa meusi. Mwanamke mmoja mwenye mbwa wawili aliwapisha akasema morning, na Mugo akamwinulia mkono.

Ilikuwa asubuhi nzuri, na hilo lilimuudhi Mugo. Miaka kumi na tisa alipiga baiskeli saa kumi na moja alfajiri, mvua na barafu, kwenda kwenye kiwanda cha kufulia shuka za hospitali. Njia hii iko hatua chache kutoka mlangoni kwake, na hakuwahi kuipita kwa starehe hata siku moja. Alikuja Birmingham mwaka wa elfu mbili na moja nyuma ya Roselyne, ambaye ni nesi, na nesi anatakiwa. Yeye alikuwa mwalimu wa jiografia Karatina. Aliwafundisha watoto wa Kikuyu viwanda vya Midlands, makaa ya mawe, mifereji na reli, akavichora ubaoni kwa chaki bila ramani. Alipofika Midlands yenyewe wakamwambia vyeti vyake havitoshi, akapewa glovu na kuonyeshwa kigari cha shuka chafu. Jina la Mugo likawashinda msimamizi na wenzake, nao hawakujisumbua. Walisoma kwenye fomu kwamba amebatizwa Peter, wakamfanya Pete. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa Pete. Siku ya kustaafu walimpa keki iliyoandikwa Pete, akaikata, akaila, na alipofika nyumbani akamwambia Roselyne kwamba leo amekula matanga ya mtu asiyemjua.

Kwa hiyo tusimcheke tukiona mtu mzima anahangaikia jina. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho Karatina ambacho hakikuchakaa.

"Babu yangu alibeba mataruma kama yaliyokuwa hapa," alisema, akimgeukia Fiona kwa nyuma. "Hawa walikuja kwetu wakatujengea reli kwa mgongo wetu, kumbe kwao wanazing'oa wapate pa kutembeza mbwa."

Fiona alicheka kidogo. "Uliniambia, Dad."

"Mugo wa reli, ndivyo walivyomwita. Alikuwa na nguvu. Huyo mtoto wako atakuwa na nguvu, utaona."

 Mzee alisikia gurudumu la Fiona tu likikwaruza kokoto nyuma yake, akaongeza maneno kama ilivyo kawaida ya mtu anayeogopa kimya. Akasema jinsi ndugu zake Karatina walivyofurahi. Akasema amekwisha kumwagiza mpwa wake shuka ya kubebea mtoto. Akasema hata Xavier akitaka jina la Kiluhya la katikati, yeye hana shida, la katikati halina neno. Walipita chini ya daraja la matofali, sauti yake ikawarudia kutoka ukutani, na hata yeye akasikia jinsi anavyoomba.

Baada ya daraja kulikuwa na benchi. Fiona akafunga breki. "Tukae, mgongo unaniuma."

Wakakaa. Mugo akatoa chupa ya maji kwenye mfuko wa sweta akampa. Fiona alikunywa akafunga kifuniko polepole, kisha akasema bila kumtazama, "Dad, ile zamu yako ilishafika."

"Najua imefika. Ndiyo hii."

"No. Ilishafika na ikapita. Yule wa six years ago. Nilimpa jina lako."

Mugo alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa Kichina. Alisikia maneno yote na akayaelewa moja moja. Yalipokaa pamoja hayakumwingia.

"Yupi?"

"Mtoto wangu, Dad. Wa pili. Anaitwa Mugo. Ana certificate, ana kaburi, ana jiwe limeandikwa jina. Mugo, na tarehe moja tu."

Katika hesabu yake yote, na aliipiga mara nyingi usiku na mchana, Mugo hakuwahi kumhesabu yule mtoto. Huko alikotoka, asiyepumua hahesabiwi. Hapewi jina, haliliwi na kundi la watu, wanawake humaliza mambo yake kimya na mwaka unaofuata mtu anazaa mwingine. Foleni haisogei. Haikumpitia akilini kwamba hapa Uingereza kuna msajili anayekaa na kalamu akimwuliza mama jina la mtoto aliyekufa, na kwamba binti yake, Mkikuyu kamili, akiulizwa hivyo angefuata foleni.

Roho ilimruka. "Mlinizika?" alisema. "Mimi niko hai, nakula, natembea, mkanizika bila kuniambia?"

"Ndiyo maana Mum alisema tusikuambie. Alisema ni vibaya, mtu kujua jina lake liko chini na yeye yuko juu."

"Kwa hiyo mama yako anajua."

"Mum alikuwa pale, Dad."

Miaka sita. Miaka sita Roselyne alilala naye kitanda kimoja, akampikia, akamsikia akijigamba Kingstanding, asiseme. Hasira ilimjaa Mugo mpaka akashindwa kuchagua aanzie kwa nani. Wapita njia wawili wa baiskeli, vijana wenye nguo za kubana, waliwapita kwa kasi wakapiga kengele. Mzee akawatukana kwa Kikikuyu, ingawa hawakuwa na kosa.

"Ungeniuliza," alisema. "Mimi ningekuambia asiyepumua hana jina. Ungemwita chochote. Ungeliacha langu!"

"Ulinipigia simu," Fiona alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya darasani, ile ya mwalimu aliyekasirika kabisa. "Siku hiyo hiyo. Unakumbuka uliniambia nini? Uliniambia, mami, hicho si kitu cha kulilia, pumzika, utapata mwingine. Nilikuwa nimemshika, Dad. Nilikuwa nimemshika mkononi na simu iko kwa sikio. Nilikaa naye kuanzia saa nne mpaka saa kumi, nikamwangalia kila mahali. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda hivi, kama chako. Yule mama wa hospitali akaniuliza, does he have a name? Ningesema nini? Jina lake lilikuwa linajulikana kabla hata sijaolewa. Nimefuata mila yako mstari kwa mstari, hakuna mtu nimemruka. Na huyu wa sasa zamu yake ni ya kaka yake Xavier."

Mugo alikiangalia kidole chake. Kilipinda hivyo tangu utotoni, kama cha babu yake walivyomwambia. Akakificha kwenye mkono mwingine. Aliona aibu, naye hakuwa mtu wa kuzoea aibu. Akatamani kwenda nyumbani. Lakini akienda nyumbani sasa, mambo yamekwisha, na mwezi wa kumi na moja atazaliwa ndugu wa Xavier, mtu ambaye kuna wengine watano wanaoweza kumwita mtoto wao kwa jina lake. Akajikaza.

"Mami," alisema, na safari hii aliomba bila kujificha, "kwetu mtoto akifa jina hurudishwa. Si kuvunja foleni. Mwingine akija anapewa lile lile, ili lisipotelee chini. Muulize mtu yeyote. Huyo ndugu ya Xavier anaweza kungoja. Mimi sina pa kungojea."

"Najua linarudishwa. Mum aliniambia."

"Basi?"

Fiona alizungusha chupa mikononi. "Nilimwambia Xavier siwezi. Hilo jina nililiita mara moja, sitaki kuliita tena nikimwambia mtu aje kula ama avae viatu. Nilikuwa nimekata shauri. Halafu Xavier akaniambia, mpe mzee chance, ongea naye kwanza." Akamgeukia baba yake kwa mara ya kwanza tangu wakae. "Kuna kitu kimoja kilichofanya nisikuchukie, Dad. Kimoja tu. Kwa mazishi tulikuwa watu wanne. Mimi, Xavier, Mum na yule mwanamume wa makaburi. Nilikuwa nakutafuta kila gari likipita. Mum akaniambia uliomba ruhusa kazini wakakunyima, na ukaingia kwa choo cha kazini ukalia mpaka wenzako wakasikia. Nimekaa na hiyo. Kila nikikumbuka ile simu, najiambia, lakini alilia. Hakujua kuniambia, lakini alilia."

Mugo aliinama akakikaza kibanio cha suruali, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Nataka kusikia kutoka kwako. Ni kweli? Kwa sababu kama ni kweli, nitalirudisha. Ataitwa Mugo, na nitajifunza kuliita."

Hapo ndipo tunapomjua mtu, na hapo Mugo alijijua mwenyewe, na hakujipenda. Siku ya mazishi hayo ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi hiyo hakuwa kazini. Alikuwa na siku ya mapumziko. Alikuwa jikoni na gazeti limetandikwa sakafuni, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, anaosha mnyororo kwa mafuta ya taa. Roselyne alishuka ngazi amevaa nguo nyeusi akamwuliza, "Unakuja?" Mugo akajibu, "Sema niko kazini." Hakuwa na hasira wala huzuni. Aliona tu kwamba ni shughuli ya wanawake na ya Waingereza, na kwamba mwanamume kusimama mbele ya kisanduku cha ukubwa ule ni kujifanya. Roselyne alisimama kidogo mlangoni, kisha akaenda. Mugo alimaliza mnyororo, akapasha githeri iliyobaki, mahindi na maharagwe, akala, akasikiliza redio. Machozi hakuyatoa, si siku hiyo wala siku nyingine. Hayo ya chooni Roselyne aliyatunga mwenyewe, njiani, kwenye basi, ili mtoto wake apate cha kushika.

Angeweza kusema kweli. Tusimtetee, alikuwa na nafasi ya kutosha. Ndege walikuwa wanalia juu ya benchi, hakuna aliyekuwa anamharakisha, na binti yake alikuwa anamngoja kwa macho yale yale ya mama yake Mugo. Alizipima zile njia mbili na akajua vizuri kila moja inamfikisha wapi.

"Ni kweli," alisema.

"Walikunyima?"

"Walininyima."

"Na ulilia?"

"Nililia, mami."

Fiona aliinamisha kichwa akaanza kulia, akamwegemea baba yake kwenye lile sweta la joto. Mugo akampigapiga mgongoni. "I knew it," Fiona alikuwa akisema, "nilijua, nilijua." Alilia kwa muda mrefu, kama mtu anayetua mzigo, na mzee alikaa wima akiutazama ukingo wa upande wa pili, miiba na majani, bila kuona kitu. Kisha Fiona akafuta uso kwa fulana, akacheka kwa haya, akauchukua mkono wa baba yake akauweka tumboni.

"Haya, Mugo," alimwambia mtoto. "Salimia Mugo."

Ndilo jambo alilolingoja tangu bintiye aliposimama kanisani na shela. Aliufikiria wakati huu akiwa kwenye mvuke wa mashine za kukaushia, akiitwa Pete. Alitafuta furaha ndani yake akaona pako patupu, na kilichokuwepo kilikuwa woga. Akasema "Habari yako" kwa sauti ya mtu anayemsalimia mgeni wa ofisini.

"Next Sunday twende makaburini wote," Fiona alisema alipokuwa akipanda baiskeli. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, alikuwa mwingine. "Kabla huyu hajazaliwa. Nataka umwambie yeye mwenyewe kwa nini hukuja. Umwambie vile uliniambia mimi. Then tunachukua jina letu tunarudi nalo."

"Jumapili kuna ibada."

"After church, Dad."

Waliendelea mpaka mwisho wa njia, pale inapotokeza kwenye nyumba za Harborne zenye maua madirishani. Fiona alitangulia sasa, anaongea bila kukoma, mara kuhusu kitanda cha mtoto, mara jinsi Cleopas anavyotaka kumfundisha mdogo wake mpira. Aliita lile jina mara nne au tano, kila mara kwa urahisi zaidi. Mugo alimfuata akizungusha pedeli. Alialikwa chakula cha mchana, Xavier alikuwa anachoma kuku nyuma ya nyumba, harufu ilifika mpaka barabarani. Akasema mgongo unamsumbua. Hakutaka kumwona Xavier. Hakutaka kushikwa mkono na mtu mwema siku hiyo.

Akarudi peke yake kwa njia ile ile. Watu walikuwa wameongezeka, familia nzima na watoto kwenye viti vya baiskeli, na wote walimsalimia kwa sababu jua liliwatia wema. Mugo alimwonea wivu kila mmoja. Alikuwa amepata alichokitaka, na kama angekutana na wazee wa Kingstanding hapo njiani wangempigia makofi tena. Alichokuwa anakiwaza ni kwamba huyo mtoto atakayekuwa yeye ataanza maisha na uongo wake, na kwamba hakuna mtu anayeweza kumweleza hilo isipokuwa mkewe.

Roselyne alikuwa mezani anamenya viazi. Alimtazama mara moja akaendelea kumenya.

"Amekubali?"

"Amekubali."

Kisu kilisimama. "Alikuuliza ile ya kazini?"

"Aliniuliza." Mugo aliketi bila kuvua sweta. "Nilimwambia nililia."

Mugo alikuwa amejiandaa njia nzima kumgombeza mkewe kwa ile miaka sita, maneno ameyapanga. Sasa hakuona la kuanzia. Roselyne aliosha kiazi kwenye bakuli, akakitazama kama kina doa.

"Nilisema vile ili asikuchukie," alisema. "Sikufikiri atakuja kukuuliza."

"Jumapili anataka twende kaburini. Anataka nimwambie mtoto mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Alichoniambia nimwambie."

Roselyne alikata kiazi vipande viwili, kisha vinne. Alikuwa mwanamke aliyeona wagonjwa wengi wakifa na hakuwa na huruma ya kupoteza. "Basi Jumapili ulie," alisema. "Usinisimamie pale kama nguzo. Mwanangu atakuwa anakuangalia usoni. Ulie kweli."

"Nitalia."

"Unaweza?"

 Roselyne alipotoka kwenda kutupa maganda, mzee aliweka mikono mezani, akafumba macho, akajaribu. Alifikiria kisanduku. Akafikiria bintiye akitazama kila gari linalopita, na lile jiwe lenye jina lake na tarehe moja. Akangoja mpaka akasikia mlango wa nyuma unafunguliwa tena. Machozi hayakuja.